Wema kwa Nani? Neno "Kind" na Kesi ya Shylock

Sisi wanafunzi wa fasihi tunao ugonjwa mmoja. Tukikutana na neno lenye maana mbili katika tamthilia ya Shakespeare, tunachukua penseli, tunaandika pembeni "mchezo wa maneno", halafu tunageuza ukurasa. Kazi imekwisha. Mtihanini tutalitaja neno hilo chini ya kichwa cha fani, tutapata alama yetu moja, basi. Maudhui tutayatafuta kwingine, kwenye hotuba ndefu na kwenye mambo makubwa makubwa kama chuki, fedha na sheria. Makala haya yanadhamiria kuipinga tabia hiyo kwa kutumia neno moja tu, tena la kawaida kabisa, ambalo hata mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza analijua: "kind".

Mwulize mtu yeyote maana yake, atakupa mbili. Kwanza, ni aina ya kitu. Pili, ni sifa ya mtu mwema, mpole, mwenye huruma. Ukifungua kamusi utazikuta zote mbili, moja ni nomino na nyingine ni kivumishi, zimekaa mbalimbali kana kwamba ni maneno mawili yaliyofanana sura kwa bahati tu. Maneno ya namna hiyo yapo. Sisi tunalo kaa la moto, tunaye kaa wa baharini, na tunakaa kitako, wala hakuna mwenye akili zake atakayehangaika kutafuta undugu baina ya hao watatu. Lakini "kind" halimo katika kundi hilo. Maana zake mbili ni za tumbo moja, na kutengana kwao ni habari ya juzijuzi.

Katika Kiingereza cha Kale lilikuwapo jina "gecynd", lenye maana ya asili, maumbile, uzao. Pembeni yake kilikuwapo kivumishi "gecynde", yaani cha asili, cha kuzaliwa nacho. Ndugu wa karibu wa maneno hayo ni "kin", yaani jamaa wa damu, na kwa Wajerumani "Kind" mpaka leo ni mtoto. Wataalamu wa isimu historia wanaurudisha ukoo wote huu kwenye mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliokuwa na maana ya kuzaa. Mzizi huo ndio uliowapa Walatini "genus" na "gens", na Wagiriki "genos". Kutoka Kilatini, Waingereza wakapata tena "gentle", "gentile" na "generous". Yaani wema, upole na ukarimu, vyote kwa Kiingereza vimetoka katika chumba cha mzazi.

Na sisi tumo, ndugu msomaji, usidhani tunatazama harusi ya watu. "Genos" ya Kigiriki iliingia katika Kiarabu ikawa "jins", na Kiarabu ndicho kilichotuletea "jinsi". Unaposema "sijui jinsi alivyo" umemtaja binamu wa mbali wa "kind" bila habari. Hata jenereta inayonguruma nyuma ya bweni ni ya ukoo huo, maana kazi yake ni kuzaa umeme. Ila tusichangamke mno. "Kindle" ya kuwasha moto inafanana na "kind" kama pacha, kumbe imetoka kwa watu wa kaskazini, waliosema "kynda", na haimo katika ukoo huu. Ipo "kindle" nyingine ya zamani, ya sungura kuzaa, na hiyo ndiyo ya nyumbani.

Swali la mhakiki ni hili: neno la uzao lilifikaje kwenye wema? Njia yake si ndefu. Kilicho cha asili kwa mama ni kumtunza mwanawe. Kilicho cha asili kwa ndugu ni kutomwacha nduguye. Basi mtu aliyewatendea jamaa zake kama maumbile yanavyotaka akaitwa "kind", na asiyefanya hivyo akaitwa "unkind". Neno hili la pili leo limedhoofika, ni kama kumwambia mtu kwamba hana adabu. Zamani lilikuwa zito, likiwa na maana ya mtu aliyekwenda kinyume cha maumbile, kama mtoto anayemfukuza baba yake nyumbani. Katika karne ya 14 Langland aliandika shairi refu liitwalo Piers Plowman, na humo Maumbile yenyewe ni mhusika, jina lake Kynde. Karibu na mwisho, yule msimulizi aliyezeeka na kuchoka anamwuliza Kynde ajifunze kazi gani, naye anaambiwa ajifunze kupenda. Kwa masikio ya leo hilo ni jibu la kanisani. Kwa masikio ya wakati ule lilikuwa karibu na ukweli wa kisarufi, kwa kuwa jina la mwalimu na jina la somo lilikuwa neno moja.

Mhakiki C. S. Lewis, katika kitabu chake Studies in Words cha mwaka 1960, ana onyo ambalo mimi ningelibandika juu ya kila dawati la maktaba. Anasema maana ya neno iliyo ya hatari ni ile tuliyoizoea sisi leo, kwa sababu inakubali kukaa katika sentensi ya zamani bila kugoma. Msomaji anaelewa, anaendelea mbele, wala hajui kwamba ameelewa kitu kingine. "Kind" ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Likitafsiriwa "mwema", sentensi ya Shakespeare karibu kila mara inakubali. Inakubali, lakini nusu yake imebaki nje.

Mifano miwili ya haraka. Hamlet anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza anacheza na "kin" na "kind", maneno ambayo kwa maandishi yanatofautiana kwa herufi moja. Baba mdogo amemwoa mama yake na sasa anamwita mwana. Undugu umezidi, lakini kilichotakiwa kutokana na undugu hakipo. Na katika King Lear, yule mchekeshaji wa mfalme anamwambia bwana wake kwamba binti yake wa pili atampokea "kindly". Lear akitaka anaweza kusikia "kwa wema". Mchekeshaji anajua maana nyingine, "kwa jinsi alivyo", na jinsi alivyo binti huyo tunaijua. Hapo neno letu "jinsi", yule binamu wa mbali, linafanya kazi vizuri kuliko "wema".

Lakini mahali ambapo neno hili linaamua kesi ni The Merchant of Venice, iliyochapishwa kwanza mwaka 1600, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili tangu 1969 katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Tufungue Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu. Antonio anataka kumkopea rafiki yake Bassanio dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anakumbusha jinsi Antonio alivyomtemea mate na kumwita mbwa. Antonio hakani. Anasema anaweza kumtemea tena, na kwamba fedha hizo azikopeshe kama kwa adui. Ndipo Shylock anapogeuka na kusema hatataka riba hata senti, na kwamba anachotoa ni "kind". Bassanio anajibu kwamba hiyo ingekuwa "kindness" kweli. Inaandikwa hati ya mzaha, ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Shylock anapoondoka, Antonio anamwita "gentle", kisha anamwambia Bassanio kwamba Myahudi huyu atageuka Mkristo, maana anakuwa "kind".

Wengi tunaipita sentensi hiyo kama utani. Ni utani kweli, ila hebu tuufungue. Kwa maana ya leo Antonio anasema Shylock amekuwa mwema, na kwa kuwa wema ni mali ya Wakristo, basi yuko njiani kuja kwetu. Kwa maana ya zamani, iliyokuwa hai bado, anasema Shylock anakuwa wa jinsi yetu, wa ukoo wetu. Kwa Antonio mambo hayo mawili ni jambo moja. Mwema ni mwenzetu, na mwenzetu ndiye mwema. Neno "gentle" linaongeza chumvi palepale, kwa sababu sikio la Mwingereza lilisikia ndani yake "gentile", yaani asiye Myahudi. Kumwita Shylock "gentle" ni kumsifu kwa kumfuta.

Halafu tazama mazungumzo yaliyotangulia hati hiyo. Yalikuwa ya nini? Ya kuzaa! Shylock amesimulia kisa cha Yakobo na kondoo wa Labani kutetea riba, na Antonio amemwuliza kama dhahabu na fedha zake ni kondoo wa kuzaliana. Kisha Antonio anashikilia kwamba chuma ni tasa, na rafiki wa kweli hamtozi rafikiye uzao wa kitu kisichozaa. Onyesho zima limejaa tumbo, mbegu na ukoo, na katikati yake kinawekwa "kind", neno la kuzaa. Mwandishi anayeijua kazi yake haokoti neno kama hilo kwa bahati. Wazee wetu wana msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Antonio anatia sahihi kwa imani ya namna hiyo, kwamba Shylock kwa kuwa "kind" hatamla. Anasahau kwamba yeye mwenyewe dakika chache zilizopita amekataa kujuana naye.

Sasa ruka mpaka Tendo la Nne, mahakamani. Portia ameshaigeuza hati, hakuna tone la damu linaloruhusiwa kumwagika, na Shylock ameshindwa. Antonio anaulizwa atamwonea huruma gani. Anakubali Shylock abaki na nusu ya mali yake kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba awe Mkristo papo hapo. Anayetoa sharti hilo si mtawala wa Venisi wala si Portia. Ni Antonio, mtu yuleyule aliyetania katika Tendo la Kwanza. Utani umekuwa hukumu. Shylock hakukuwa "kind" kwa hiari, basi atafanywa "kind" kwa amri. Msomaji aliyeandika "mchezo wa maneno" pembeni mwa onyesho la kwanza amekwisha kosa uzi unaounganisha matendo mawili, na atabaki kulalamika kwamba adhabu ya kubadilishwa dini imeangushwa toka juu bila kuandaliwa.

Hata tabia ya Antonio inaeleweka hapo. Wapo wanaosema Shakespeare amejikanganya, kwa kuwa rafiki mmoja wa Antonio anamsifu kwa kuyafunga pamoja maneno yote mawili, "kind" na "gentleman", kwamba duniani hakuna amzidiye, ilhali sisi tumemsikia akijitapa kutema mate. Kwa maoni yangu hakuna mkanganyiko wowote. Antonio ni "kind" kabisa, kwa jinsi yake. Anatoa mwili wake kwa ajili ya Bassanio, na anamtemea mate asiye wa kundi. Neno lenyewe halioni kosa, kwa sababu tangu kuzaliwa kwake halikuahidi wema kwa watu wote.

Anayelipinga ni Shylock, katika ile hotuba maarufu ya macho, mikono na viungo. Bila kulitaja neno, anadai haki ya "kind" kwa maana pana kuliko zote, kwamba anakula chakula kilekile na anaugua magonjwa yaleyale, kwa hiyo maumbile ni mamoja. Msiba wa hotuba hiyo ni kwamba haiishii kwenye wema. Inaishia kwenye kisasi, kwa hoja kwamba hilo nalo amelisoma kwa Wakristo. Tukumbuke pia nani waliokuwa wakisikiliza. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na waliruhusiwa kukaa tena katika miaka ya 1650. Watazamaji wengi wa Shakespeare walimjua Myahudi wa hadithi tu. Mtu wa hadithi ni rahisi kumwondoa katika jinsi ya watu.

Kuna mwenzangu atauliza, hayo ni ya Waingereza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. Kwanza lipo lile jina alilolichagua Mwalimu. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amekuwa mabepari wengi, na "bepari", lililotujia kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mchuuzi tu, lilikuwa limeshapata maana ya mnyonyaji ilipofika 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja Mwalimu ameivunja ile mipaka ya jinsi. Kwenye jalada lake Antonio na Shylock hawatenganishwi tena na damu wala dini. Wote ni wa aina moja, aina ya mtaji. Na tusisahau kwamba falsafa yake aliiita Ujamaa, neno linalotokana na jamaa, na katika andiko lake la 1962 alitaka ile hisia ya jamaa ivuke kabila, ivuke taifa, ifike kwa binadamu wote. Hiyo ni njia ileile ya "kind", kutoka damu kwenda wema, isipokuwa yeye alitaka uzio ung'olewe.

Pili, maneno yetu ya wema nayo yana vyeti vyao vya kuzaliwa. Karimu kwa Kiarabu ni mtoaji, na ni mtu wa heshima na asili bora pia. Rehema inatoka katika mzizi uleule uliozaa jina la tumbo la uzazi, na ndiyo maana watu wa pwani waliosoma chuoni wanajua kwamba kuunga udugu ni kuunga tumbo. Muungwana katika miji ya pwani ya karne ya 19 alikuwa mtu huru, mwenye kwao, asiye mtumwa. Leo tunamwita muungwana mtu mwenye adabu, na tunasahau kwamba mtumwa angeweza kuwa na adabu zote za dunia asiitwe hivyo. Naona methali "muungwana ni kitendo" si pambo la hotuba tu. Ni ubishi. Mtu aliyeisema mara ya kwanza alikuwa akiligombeza neno lenyewe, akitaka kulinyang'anya ukoo na kulipa matendo. Kama ningeombwa nipendekeze neno la Kiswahili la kubeba "gentle" ya onyesho lile, ningechukua "muungwana" bila kusita, maana linabeba tabia na nasaba kwa pamoja, uzuri wake na uchafu wake.

Na "utu" je? Hapa huwa tunajipigapiga kifua. Kwa Kiingereza unahitaji kamusi na profesa kuona kwamba wema umetoka katika uzao, wakati kwa Kiswahili mtoto yeyote anaona kwamba utu umetoka kwa mtu, kiambishi kimebadilika tu. Mtu ni utu. Mlango uko wazi kwa kila mwenye pua na masikio, habari ya ukoo haipo. Nakubali, ni neno zuri kuliko "kind". Lakini sikiliza tunavyoongea barabarani. Tukimchukia mtu tunasema, "Achana naye, yule si mtu." Mtawala wa Venisi, kabla hata kesi haijaanza, anamfariji Antonio kwa kumwambia kwamba mshitaki wake hana ubinadamu. Yule si mtu! Neno likiwa na mlango mpana kiasi gani, watu watapata namna ya kuufunga.

Wapo watakaosema nimelitwisha neno mzigo usio wake, kwamba kufikia wakati wa Shakespeare "kind" lilishakuwa na maana ya mtu mwema kama leo, na watazamaji hawakubeba historia ya lugha mifukoni. Hoja hii ina nguvu kwa kiasi chake. Maana ya leo ilikuwapo, na pengine mara nyingi ndiyo ya kwanza kusikika. Ila mzaha wa Hamlet na ule wa mchekeshaji wa Lear haviwezi kufanya kazi kama watazamaji hawaisikii maana ya pili. Mzaha hauchekeshi kwa msaada wa kamusi. Siku hizi nasi kijana akisema "nimechoka kiaina" au "kaondoka kiaina", hakuna anayesimama kueleza kwamba "aina" ni nomino, wala hakuna asiyeelewa kwamba kuna kitu kimefichwa. Lugha inayosemwa hubeba mizigo miwili bila jasho. Anayetokwa jasho ni msomaji wa baadaye.

Nimemwacha Jessica, binti wa Shylock, na bila yeye hesabu haikamiliki. Usiku anaotoroka na Lorenzo anasema anarudi ndani kuchukua dukati zaidi za baba yake, na ni wakati huohuo rafiki mmoja wa Lorenzo anapomsifu kwamba ni "gentle", si Myahudi. Anaiba, na anaitwa muungwana, kwa sababu ameshuka upande wetu wa ukuta. Baadaye Launcelot, mtumishi aliyekuwa wa nyumba ya baba yake, anamtania kwamba ameshapotea kwa sababu ni mtoto wa baba huyo. Jessica anajitetea kwamba mumewe amemfanya Mkristo, na Launcelot anajibu kwamba Wakristo wakizidi hivi bei ya nyama ya nguruwe itapanda. Utani tena. Katika Tendo la Tano yuko bustanini Belmont, kuna mwezi na kuna muziki, mumewe anazungumza vizuri kuhusu nyota. Jessica anasema kwamba muziki mtamu haumpi furaha kamwe. Baada ya hapo watu wanaingia, pete zinagombaniwa, wanapatana, wanacheka, inasomwa habari kwamba yeye na mumewe watarithi mali yote ya Shylock. Yeye yupo jukwaani muda wote huo, na Shakespeare hakumpa neno lingine la kusema.